Shangazi Aliyebeba Chai

Kuna wanawake wanaoficha umri wao. Wangu ulifichwa na kaka yangu, mchana kweupe, kwa karatasi iliyopigwa chapa.

Ilikuwa orodha ya watakaokaa mbele na watakaohudumu siku ya koito ya Fancy, siku ambayo wazee wa upande wa Robert, mchumba wake, wangekuja kumwomba rasmi. Bethwel, kaka yangu mkubwa na baba yake Fancy, aliibandika kwenye mlango wa stoo Ijumaa asubuhi. Niliisoma nikiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. Wajomba walikuwepo. Mchungaji alikuwepo. Mahali pa shangazi wa msichana paliandikwa Mama Gibson. Jina langu, Chepkemoi, lilikuwa chini kabisa, pamoja na wasichana wa kupeleka chai.

Bethwel ana dada mmoja tu wa tumbo moja naye. Dada huyo ni mimi.

"Mama Gibson ni shangazi ya nani?" nilimuuliza.

"Ni binamu yetu."

"Anaishi Kipkelion. Alimwona Fancy mara ya mwisho akiwa darasa la tatu."

"Chepkemoi, usinianzie. Mama Gibson ameolewa. Wageni wakikuona pale mbele na miaka yako thelathini na tatu, bila bwana, watauliza nyumba hii ina shida gani. Wakikuona na birika watafikiri ni msichana tu wa boma."

"Kwa hivyo nipungue miaka mpaka Jumapili."

"Ni siku moja tu."

Nilikuwa na miaka kumi Fancy alipozaliwa. Mama yake alirudi shambani mapema, kwa hivyo nikitoka shule mimi ndiye niliyembeba. Nilimlaza juu ya gunia kati ya mistari ya chai. Alipoanza kutembea alipotelea humo, tukawa tunamtafuta kwa kufuata kilio chake. Mwaka mmoja nikaona nywele zake juu ya majani, mwaka mwingine mabega. Alivaa nguo zilizonibana mimi. Siku hizi mimi navaa viatu vilivyombana yeye. Mvi yangu ya kwanza niliiona wiki aliyomaliza kidato cha nne. Sasa ni nesi. Akija nyumbani hunipima presha na kuniambia nipunguze chumvi, kwa sauti ile ile niliyomkatazia kula udongo.

Uzee wote ulionijia kupitia kwa mtoto huyu niliupokea bila maneno. Lakini sikukubali kuwa mzee jikoni na msichana mbele ya wageni.

Jioni hiyo nilimkuta Fancy chumbani akipiga pasi nguo yake.

"Anti, umekasirika," alisema.

"Ulijua?"

Aligeuza nguo, akapiga pasi mahali alipokwisha kupiga. "Baba alisema orodha ni ya wageni tu. Mimi najua shangazi yangu ni nani."

"Nataka na wao wajue."

"Usiharibu, tafadhali. Kogo yake Robert ni nyanya mkali, hata Robert mwenyewe anamwogopa."

"Sitaharibu. Nitabeba chai."

"Ukiongea hivyo ndipo unaponitia wasiwasi."

Wageni walifika Jumamosi saa nne, kutoka Siongiroi. Tukaomba, tukala, koo zikatajwa, ikaonekana hakuna undugu wa kuzuia jambo. Mimi nilizunguka na birika. Mama Gibson alikaa kwenye kiti cha shangazi na leso mpya, amenyooka kama anayepigwa picha. Si mtu mbaya. Aliitwa, akaja.

Ndipo nyanya yake Robert, bibi mfupi aliyevaa kofia ya sufu, akainua mkono.

"Mambo ya ng'ombe ni ya wanaume," alisema. "Mimi nina swali moja kwa shangazi ya msichana. Huyu akikasirika hufanya nini?"

Mama Gibson alitabasamu. "Fancy hajui hasira, kogo. Ni mpole tangu utotoni."

"Hajui kabisa?"

"Kabisa."

Bibi aliwageukia watu wake. "Basi ama msichana huyu hajakua, ama shangazi huyu hamjui."

Wazee wa kwetu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mjomba mmoja wa Robert alichukua kofia yake kutoka magotini kama anayetaka kuondoka, na Fancy akaniangalia. Nilikuwa nikimmiminia mchungaji.

"Hufua nguo," nilisema.

Bethwel alikohoa. Niliendelea kumimina.

"Akikasirika hasemi. Anachukua karai, anafua. Chafu zikiisha anafua safi. Mwaka juzi baba yake alimkataza kwenda kufanya kazi mbali, akafua mapazia ya nyumba nzima na mvua inanyesha. Usimsemeshe kabla hajaanika, utanyamaziwa wiki mbili. Shika upande mmoja wa blanketi umsaidie kukamua. Likikauka, na hasira imekwisha."

"Kumbe ile siku," Robert alianza.

"Wewe nyamaza," bibi alimwambia, lakini alikuwa akicheka, na watu wake wakacheka naye. Kisha akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

"Chepkemoi. Dada yake Bethwel, tumbo moja. Mimi ndiye shangazi yake."

"Una bwana?"

"Sina."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na tatu."

"Na mbona shangazi amesimama na birika?"

"Muulize mwenye orodha."

Bethwel alikodolea macho meza. Mama Gibson ndiye aliyeinuka. "Kaa, Chepkemoi. Hiki kiti kimenichoma tangu asubuhi." Nikaweka birika chini na kukaa, polepole, kama mtu mzima anavyokaa. Kufikia saa kumi mambo yalikuwa yamekubaliwa.

Wageni walipoondoka Bethwel alinifuata kwenye zizi. Alisema nimemwaibisha mbele ya wakwe na nimemvunjia Mama Gibson heshima. Kesho baada ya ibada ningesimama mbele ya familia niombe msamaha. La sivyo, siku ya harusi nisitafute kiti.

"Sema tu pole," mkewe alinisihi baadaye. "Ni neno moja."

Jumapili tulikusanyika sebuleni. Bethwel alisema yake, akaketi, akaningoja. Fancy alikuwa mlangoni, mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima.

Nilisimama.

"Mama Gibson, wewe nakushukuru, uliniachia nafasi yangu bila ugomvi. Bethwel, mtoto niliyembeba anaolewa. Hilo limenizeesha, na nimelikubali. Miaka hii niliipata nikimlea binti yako, na hutaipunguza ili mgeni asikuulize swali. Harusini unaweza kuniweka kwenye orodha au kuniacha, nitakuja na nitakaa mbele. Msamaha siombi. Leo siombi, na ukiniuliza mwaka ujao, sitaomba."

Nikaketi.