Mkanda wa Dakika Tatu

Kuanzia Chapwa hadi Isansa, hakuna watu waliojua kusimama wima kama wale waliopigwa picha na Nathanaeli Simbeye. Nasema kusimama, sisemi kupendeza. Kupendeza ni majaliwa ya mtu. Kusimama aliwafundisha yeye. Alikuwa na kamera ya sanduku, yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, na kila Jumamosi aliitega mbele ya nyumba yake pale Tunduma. Watu wakaja na mashati yao ya kanisani, hata kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka walivuka kumfuata.

Akishaingiza kichwa ndani ya kitambaa, alikuwa anatoa mkono mmoja, anafunua kifuniko cha kioo na kuhesabu kwa sauti kubwa. Mpaka afike tano, ole wake mwenye kupumua. "Mikono mapajani! Kidevu juu! Atakayetikisika atatoka hana uso!" Watu waliamini, maana waliotoka hawana uso walikuwepo kweli. Aliyejulikana zaidi ni Lusubilo, kapteni wa timu ya mpira ya Tunduma. Katika picha yake ya harusi mkewe Jenista ametulia vizuri na shada lake, na pembeni yake imesimama suti safi kabisa, na juu ya suti kuna ukungu mtupu. Kwa miaka miwili Jenista alikuwa akimwuliza siku hiyo alikuwa anamgeukia msichana gani.

Sasa huyo Nathanaeli, pamoja na sifa zote hizo, alikuwa amechoka kusimamisha watu. Mwaka 1952 gari la sinema la serikali lilifika Vwawa, naye akaona kwenye shuka jeupe mpira wa miguu uliochezwa Dar es Salaam. Lo! Watu wanakimbia, vumbi linapanda, golikipa anaruka! Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo picha zake mwenyewe alikuwa akiziona kama mboga iliyolala. Alimwambia mkewe Elina wazi kabisa kwamba kazi anayoitaka duniani ni ile ya kupiga sinema ya michezo. Elina hakumcheka. Alimwuliza tu, "Wanaipatia wapi, hiyo kazi?"

Jibu lilikuja lenyewe miaka miwili baadaye, limepanda gari. Alifika Zebedayo, mpiga sinema kutoka Dar es Salaam, mtu mnene wa maneno machache, aliyekuwa Mbozi wiki nzima akipiga kahawa inavyovunwa. Alikuwa ameagizwa apate na mechi moja ya mpira ya huku mpakani. Msaidizi wake alikuwa ameachishwa kazi mwezi uliopita na nafasi ilikuwa wazi. Nathanaeli aliposikia hayo, alikwenda kumwona hata kandambili hajavaa sawasawa.

"Unajua kamera?" Zebedayo aliuliza.

"Naijua ya sanduku, mzee."

"Hiyo si kamera, hiyo ni kabati." Zebedayo akamwonyesha ya kwake, ndogo, nzito, yenye ufunguo ubavuni wa kujaza kama saa. Ukiijaza mpaka mwisho inakwenda nusu dakika, kisha inasimama, unaijaza tena. "Nimebakiwa na mkanda wa dakika tatu. Yaani ujaze mara sita, basi. Jumamosi Tunduma wanacheza na Isansa, na kamera utashika wewe. Ukiniletea mpira, tunaondoka wote. Ukiniletea upuuzi, utarudi kwenye kabati lako."

Siku zilizobaki Nathanaeli alizunguka nyumba nzima akijifunza na kamera isiyo na mkanda. Aliwafuata kuku, akamfuata mbuzi, akamfuata mwanawe Mika mpaka mtoto akakimbilia kwa bibi yake. Elina alimwambia, "Baba Mika, wewe nenda. Hilo sanduku nitalishika mimi, kuhesabu mpaka tano nako kuna elimu gani?" Mume akafurahi, na roho ikawa juu juu hadi Jumamosi.

Basi, Jumamosi ikafika. Uwanja wa Chapwa ulijaa, wengine walitembea tangu jana yake kutoka Isansa na vikapu vyao vya chakula. Refa akapuliza. Dakika ya kumi tu, Lusubilo akapokea mpira katikati, akampita wa kwanza, akampita wa pili. Nathanaeli akainua kamera na kubonyeza. Ikaanza kulia krrr. Lusubilo akausikia mlio, akageuka, akakiona kioo kinamtazama.

Akasimama! Mikono mapajani, kidevu juu, wima. Beki wa Isansa aliyekuwa akimkimbilia naye akafunga breki, akasimama kando yake, akajifuta kamasi na kutulia. Golikipa alijipanga katikati ya milingoti yake kama bwana harusi. Mpira ukajiendea zake polepole mpaka nje, na hakuna aliyeufuata. Nusu dakika nzima ikaenda hivyo.

Mara ya pili akajificha nyuma ya akina mama. Wapi! Walimwona, na badala ya kukaa kimya wakapiga kelele: "Fundi anapiga! Tulieni!" Uwanja mzima ukaganda. Refa mwenyewe aliganda na filimbi mdomoni, mashavu yamejaa upepo. Mara ya tatu Nathanaeli akapaza sauti huku kamera inalia, "Chezeni! Kimbieni, jamani!" Watu wa Nakonde wakamjibu kwa kicheko, "Awe, mukwai! Hapana, bwana! Unatutega tutoke hatuna nyuso!" Nao wakazidi kusimama.

Ikawa mapumziko, hakuna goli, na nusu ya mkanda imekwisha kwa kupiga watu waliosimama. Kijasho chembamba kilimtoka Nathanaeli. Zebedayo alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya gari, anatafuna hindi la kuchoma.

Akawafuata wachezaji walipokaa kula miwa. "Ndugu zangu, hii ni sinema. Hii haitaki mtu atulie. Ukikimbia unatoka, ukiruka unatoka."

"Fundi," Lusubilo akasema, tena bila hasira, "mara ya kwanza nilikuamini nikapoteza uso. Nyumbani kwangu hakukaliki mpaka leo. Hii itaonyeshwa nchi nzima. Unataka nchi nzima wanione mimi ni suti?"

Nathanaeli ukweli alikuwa anaujua, peke yake, miaka miwili sasa. Angeweza kunyamaza. Jina lake lilikuwa zuri kote huko, na sanduku lile ndilo lililomjengea nyumba. Lakini aliutazama uwanja, akaitazama kamera mikononi, akaona kwamba hawa watu amewafunga yeye mwenyewe na hakuna mwingine wa kuwafungua. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akapanda juu ya kreti la miwa.

"Sikilizeni wote!" akasema kwa sauti ileile ya kuhesabia. "Lusubilo hakutikisika siku ya harusi yake. Alisimama vizuri kuliko watu wote. Mimi ndiye niliyeishika karatasi ya picha ikiwa bado mbichi, nikaweka dole gumba juu ya uso wake. Nikaona aibu, nikasema katikisika."

Kisha ikatoka sauti ya Jenista upande wa akina mama. "Ati nini? Miaka miwili namsimanga mwanaume wa watu, kumbe ni dole gumba?"

"Ni dole gumba, dada yangu. Unisamehe."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na maneno. Kila mwenye picha mbovu alitaka kujua ya kwake. Mama mmoja akauliza, "Na mwanangu wa ubatizo?" Nathanaeli akajibu, "Dole gumba, mama." Mwingine akauliza, "Na babu yetu je, naye ni wewe?" "Hapana, babu alikohoa. Huyo ni yeye mwenyewe." Hata waliokuwa wamekunja uso wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Lusubilo alinyanyuka, akaja taratibu mpaka chini ya kreti. Nathanaeli akajua sasa ngumi inakuja, akafumba macho. Ngumi haikuja. "Wewe nitakushughulikia mechi ikiisha," Lusubilo akasema, na mdomo wake ulikuwa unakaribia kucheka. "Sasa shuka. Shika chombo chako."

Kipindi cha pili, mtu wangu, ule ndio ulikuwa mpira! Hakuna aliyesimama tena. Isansa walipata kona, vichwa vikagongana, golikipa wa Tunduma akaruka akaanguka kifudifudi na mpira tumboni, na yote hayo Nathanaeli akayapata. Akajaza tena, akapata winga wa Isansa anavyokimbia na akina mama wa kwao wanavyokimbia naye kandokando ya mstari, vikapu vichwani. Alikuwa analia machozi na hajui kama analia. Furaha namna ile alikuwa hajawahi kuipata kwenye kazi.

Ikabaki nusu dakika ya mwisho. Akajaza kamera, akangoja. Lusubilo akapata mpira. Akampita mmoja, na Nathanaeli, kwa kiherehere, akabonyeza. Akampita wa pili. Goli liko wazi mbele yake, piga basi! Lakini Lusubilo leo alikuwa anajua anatazamwa na nchi nzima. Akamgeukia yule beki wa kwanza ampite tena. Akampita. Akatazama kwa Jenista. Kamera ikalia tak, mkanda umekwisha. Ndipo Lusubilo akapiga, na wavu ukatikisika, na Chapwa nzima ikaingia uwanjani.

Wakambeba Lusubilo, na walipokuwa bado wanaimba, wengine wakaja kumpiga Nathanaeli mgongoni. "Umetupata, fundi! Goli limo!" Elina alikuwa amesimama karibu, anang'aa uso mzima, maana kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Nathanaeli akatabasamu, akaikumbatia kamera kifuani.

Zebedayo akaja na kopo la bati na kalamu. Aliutoa mkanda kwenye kamera akiifunika kwa koti lake ili jua lisiuone, akaufunga ndani ya kopo. Mikanda hiyo ilikuwa inasafirishwa ng'ambo ya bahari kusafishwa, na kuirudisha ilichukua miezi miwili. Kabla ya miezi miwili hakuna binadamu angejua kilichomo, na miezi miwili mtu ameshazoea kazi, ameshapanga chumba Dar es Salaam.

"Goli umelipata?" Zebedayo akauliza, kalamu juu ya kopo.

Nathanaeli akamtazama Elina. Kisha akasema, "Sikulipata, mzee. Nilibonyeza mapema. Mkanda uliisha Lusubilo akimrudia yule beki."

Elina akainamisha kichwa. Zebedayo akaandika polepole kwenye kopo, herufi kubwa: TUNDUMA NA ISANSA, GOLI HALIMO. Akapuliza wino ukauke.

"Yule wa kabla yako," akasema, "kila mkanda aliniambia goli limo. Ninaandika, tunatuma. Mkanda unarudi, tunakaa gizani na mabwana wakubwa, tunalingoja goli. Mwaka mzima nimelingoja goli gizani." Akamsogezea Nathanaeli kopo na kalamu. "Hapo chini huandikwa jina la mpiga picha. Andika, halafu ukafunge nguo zako. Jumamosi ijayo kuna mechi Mbeya."

Nathanaeli akachuchumaa pale pale majanini, akaliweka kopo juu ya goti, na chini ya maneno goli halimo akaandika jina lake lote.