Mlio wa Bilauri ya Saulo

Alichoshindwa kukiona Isakwisa hakikuwa kimefichwa. Kilikuwa ukingoni mwa bilauri, upande mmoja tu, mahali ambapo mdomo wa mnywaji haugusi: vikwaruzo vifupi, vipya, vilivyolaliana kama nyasi zilizokanyagwa. Alivitazama kwa lenzi, akavigusa kwa kidole, akaandika kwenye kadi kwa hati yake nzuri: "Kasoro ndogo ukingoni." Kisha akafunika kalamu. Alikuwa na jicho la kutambua kioo kilipulizwa zama gani na kwa mkono wa namna gani, lakini hakujiuliza ni mkono gani ulioichubua bilauri hii ndani ya nyumba yake mwenyewe, wala ulikuwa unataka nini.

Isakwisa alifanya kazi katika ofisi ya utamaduni, Iringa. Alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya historia, na wakati wenzake wakikusanya mikuki na ngoma, yeye alikusanya vioo. Nyanda za juu zilikuwa na vioo vingi kuliko watu walivyodhani. Wajerumani walikuja navyo, Wagiriki wa mashamba ya tumbaku wakaongeza vyao, na Waingereza wa chai kule Mufindi wakaviacha walipofunga virago. Sahani za matunda zenye rangi ya majani mabichi zilikuwa zimegeuka vyombo vya kulishia kuku. Nyololo, kando ya barabara kuu, alikuta mwanamke akipima chumvi kwa kikombe cha divai chenye mdomo wa dhahabu. Kule Makongolosi alikuta wachimbaji wa dhahabu wakihifadhi zebaki ndani ya chupa ya manukato ambayo kizibo chake kilikuwa na umbo la ua.

Akishika kioo, alifuata utaratibu uleule. Kwanza ubavu: ukiwa na mshono, kimemiminwa kwenye kalibu. Kisha kitako: kovu la mviringo katikati linaonyesha mahali fimbo ya mpuliza kioo ilipokatwa. Halafu mikwaruzo ya chini, kwa maana ile ya uzee wa kweli huenda kila upande, na ile ya kughushi hufuata njia moja. Mwisho alikigonga ukingoni na kusikiliza. Kioo cha kawaida hutoa sauti fupi na kunyamaza. Kioo chenye madini ya risasi huimba.

Bilauri iliyoimba kuliko zote haikuwa ya ofisi. Ilikuwa ya baba yake, mzee Saulo, aliyekuwa seremala wa misheni katika vilima vya juu ya mji wa Mbeya. Vita vya pili vilipokuja na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, Saulo ndiye aliyemtengenezea mke wa mchungaji makasha ya kufungia vyombo. Bilauri moja ilikosa nafasi. Mama yule aliigeuzageuza mkononi, akampa. Ilikuwa ya mguu, nyembamba, yenye mzabibu uliochorwa kwa kuchongwa kuzunguka tumbo lake, na kovu la kitakoni lilikuwa limesuguliwa hadi likawa laini kama ukucha. Tangu siku hiyo Saulo hakunywa maji katika chombo kingine.

Mwaka 1974 kiharusi kilimwangusha. Kilimwachia mkono wa kushoto na akili yake yote, kikachukua miguu na ulimi. Isakwisa akamleta Iringa, awe karibu na hospitali. Mzee alikuja na blanketi, Biblia na bilauri.

Hapo ugumu ukaanza, kwa sababu nyumbani alikuwapo Sekela, mke ambaye Isakwisa alikuwa amemwoa mwaka uliotangulia. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hamtaji jina, hazungumzi naye, wala hakai naye chini ya dari moja. Wenyewe huita jambo hilo kumwogopa, na maana yake ni kumheshimu. Wakristo wengi walikuwa wameulegeza mwiko huo. Saulo hakuulegeza, na Sekela alilelewa na mama ambaye mpaka anazeeka aliacha njia na kuingia porini kila alipoona kofia ya mkwe wake kwa mbali.

Kwa hiyo Isakwisa alimwita fundi, akaziba mlango wa chumba cha nyuma na kutoboa mwingine wa kutokea uani. Yeye mwenyewe alimwogesha baba yake asubuhi na jioni. Mchana Sekela aliweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango, akakohoa, akaondoka. Jirani yao Liberatus, Mhehe, fundi cherehani aliyeshona barazani kwake, ndiye aliyeingia kumlisha mzee na kumgeuza kitandani.

"Kamwene, mzee wangu!" Liberatus alizoea kusema kwa sauti kubwa, kana kwamba mzee alipoteza masikio. "Leo mkamwana wako amepika kuku. Mimi nitaonja kwanza, isije ikawa na sumu." Na Saulo alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Kila jioni Isakwisa aliporudi alikuta mambo yote yamekwenda sawa. Maji yalikuwa yameongezwa yalipokwisha. Jiko la mkaa lilikuwa limepelekwa baridi ilipozidi. Liberatus alikuwa ameitwa kila alipohitajiwa, si mapema wala si kwa kuchelewa. Isakwisa alimshukuru mke wake kwa moyo, wala hakujiuliza hata siku moja Sekela alijuaje, ng'ambo ya ukuta, kwamba maji yamekwisha.

Wakati mwingine, akiwa anakula, aliisikia bilauri ikilia chumba cha nyuma. Ting. Kimya. Ting, ting.

"Mzee amerithi kazi yangu," alisema akicheka. "Anapima risasi."

Sekela aliinamisha uso. Dakika chache baadaye alitoka uani, na Isakwisa alidhani amekwenda kuanua nguo.

Julai iliyofuata, ofisi ya Mbeya iliandaa maonyesho ya vyombo vya kale kwa ajili ya Saba Saba, ikamwomba Isakwisa alete vioo vyake. Alichagua vilivyo bora, akavifunga kwa pamba. Lakini kila alipoupanga mkusanyiko akilini, katikati palikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa na umbo la bilauri ya baba yake.

"Nitaiazima kwa siku chache tu," alimwambia Sekela.

Sekela alikuwa akichambua mchele wa Ubaruku kwenye ungo. Mkono wake ukasimama. "Si umwachie Mzee bilauri yake?"

"Atakunywa kwa kikombe. Nimemnunulia cha plastiki. Hata kikianguka hakivunjiki."

"Ameizoea ile."

"Kuzoea tu? Ndugu Sekela, maji ni yaleyale."

Kwa kawaida alipomwita hivyo, kwa kuigiza wakubwa wa mikutano, Sekela alicheka na kumjibu, "Ndugu Afisa." Safari hii hakumjibu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Isakwisa aliona kwamba amenyamaza, akadhani amekubali.

Alipoingia chumba cha nyuma kuichukua, Saulo aliishika kwa mkono wake mzima. Hakuiachia mara moja. Akaisimamisha mezani, akachukua kijiko, akaugonga ukingo, akamtazama mwanawe machoni. Akagonga tena, akaelekeza kijiko ukutani, upande wa jikoni.

"Naam, baba," Isakwisa alisema kwa upole, akimpapasa bega. "Naujua mlio wake. Wataupenda hata huko."

Saulo akamwachia. Usiku huo Isakwisa aliandika kadi, na ndipo alipoandika neno la kasoro.

Mbeya, Saba Saba ilikuwa na baridi kali na jua jeupe. Watu walipita mbele ya meza yake wakiwa wamevaa makoti, wakashangaa kwa adabu, wakaendelea kwenye mahindi makubwa na ng'ombe wa mashindano. Mmoja alikaa. Alikuwa Nkuba, Msukuma aliyehamia na mifugo yake katika bonde la Usangu, mwenye fimbo mgongoni na viatu vya tairi.

"Hii nyembamba ni ya nini?" aliuliza.

Isakwisa alimweleza yote: mzabibu, kovu lililosuguliwa, madini ya risasi. Kisha akaigonga kwa ukucha. Mlio ukapanda juu ya kelele za uwanja, ukakaa, ukafifia polepole. Waliokuwa karibu waligeuka.

Nkuba alisikiliza mpaka ukaisha. "Sisi kengele kama hiyo tunamvisha ng'ombe anayependa kupotea. Ukilala unaisikia, unajua yuko salama. Sasa hii, Bwana Afisa, umemvua ng'ombe gani?"

Watu wakacheka. Isakwisa naye alicheka, akaigonga tena ili wasikie.

Alikuwa bado anacheka wakati dereva wa ofisi ya mkoa alipokuja akipenya katikati ya watu, kofia mkononi, na kumwambia kwamba simu imepigwa kutoka Iringa, na kwamba gari liko tayari.

Alifika jioni. Majirani walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka. Liberatus alimpokea langoni, safari hii kwa sauti ndogo sana. "Nilikuwa uwanjani kwa Saba Saba, ndugu yangu. Mtaa mzima tulikuwa uwanjani. Nilimwogesha asubuhi, nikamwacha akitabasamu. Sikujua kichomi kimeshaanza."

Sekela alikuwa jikoni, chini, kitenge kimemfunika kichwa. Isakwisa akakaa sakafuni mbele yake. Alisimulia bila kuinua macho.

"Nilikaa uani tangu asubuhi. Nilisikiliza, nikidhani hata kile kikombe kingesikika. Tulikuwa na desturi, mimi na Mzee. Akigonga mara moja, ni maji. Mara mbili, ni baridi. Akigonga mfululizo, nimwite Liberatus. Aliianza mwenyewe mwezi uleule alipofika. Sikukwambia, kwa sababu niliona aibu. Kusemezana na mkwe, hata kwa kijiko, ni kusemezana. Niliogopa ungeona nimekosa adabu. Na yeye hakuwa na ulimi wa kukwambia."

Sekela alivuta kitenge chini zaidi usoni.

"Kimya kilikuwa kizuri, kwetu. Kimya maana yake hana shida. Leo kukawa kimya. Nikaweka uji, nikakohoa. Baadaye nikarudi, uji umeshika utando. Nikamkimbilia Liberatus, baraza imefungwa. Nikaita mtaani, hakuna mtu. Nikasimama mlangoni. Nilisimama muda mrefu, Isakwisa. Huo muda ndio utakaoniua."

"Halafu?"

"Nikafungua. Alikuwa sakafuni. Ameshika kijiko, na kile kikombe kiko ubavuni pake kimejaa alama. Alikuwa amegonga na kugonga. Plastiki hailii. Alikuwa hai bado. Aliponiona, unajua alifanya nini? Aligeuza uso, akautazama ukuta. Anakata roho, na bado ananisitiri nisimwone. Nikamshika miguu. Nilimwambia, 'Baba.' Sijawahi kumwita. Akainua kidole, akagonga sakafu mara moja. Nikaleta maji. Nilipofika, alikuwa ameshakwenda. Nikamfumba macho mimi."

Walimzika vilimani, karibu na karakana yake ya zamani. Baada ya kaburi kufukiwa, shangazi Marta, dada wa marehemu, aliwaita wote wawili nyuma ya nyumba. Sekela alipiga magoti; alijua ni jambo gani linafuata: mvunja mwiko lazima atakaswe.

"Nani alimfumba macho kaka yangu?" Marta aliuliza.

"Ni mimi, shangazi," Sekela alijibu. "Nilivunja mwiko. Niliingia."

Marta akamgeukia mpwa wake. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mbeya. Kwenye maonyesho."

"Ukionyesha nini?"

Isakwisa alifungua mkoba, akafunua pamba, akaitoa bilauri. Haikuwa na ufa hata mmoja. Marta hakuipokea. Alimshika Sekela mkono, akamwinua kutoka chini, akamkung'uta vumbi magotini kama mtoto.

"Huyu hana kosa la kutakaswa," alisema. "Mwiko umewekwa ili mzee aheshimiwe, naye aliheshimiwa mpaka pumzi ya mwisho. Wewe msomi, hicho chombo mpe mwenye kukijua."

Isakwisa akampa Sekela bilauri. Aliipokea kwa mikono miwili. Akakitafuta kwa kidole gumba kile kipande cha ukingo kilichochubuka, akakaa akikipapasa, na hapo ndipo alipolia.

Waliporudi Iringa, Isakwisa aliichana ile kadi, na hakuandika nyingine. Alifungua tena mlango wa ndani wa chumba cha nyuma, ingawa hapakuwa na mtu wa kuupita. Aliendelea na kazi yake, akaendelea kusoma makovu na mishono, lakini hakuchukua tena chombo chochote kabla ya kukaa na watu wa nyumba ile na kuwauliza kinawafanyia kazi gani, na kama walisitasita alikiacha. Bilauri iko dirishani jikoni. Sekela hunywea maji yake humo, na Isakwisa hagongi tena kioo.