Kuanzia Saa Nane Hadi Saa Kumi na Moja

Mtu aliyekagua mizani ya sokoni kwa miaka thelathini na moja hawezi kuzeeka akawa mwongo, hata akitaka. Ndiyo maana watu walimwita Mzee Mizani, na ndiyo maana ofisi ya kodi ilipotangaza kwamba kila anayemlipa msaidizi wa nyumbani amwandikishe kabla mwezi haujaisha, yeye alifika dirishani wafagiaji wakiwa bado wanafagia. Majirani zake nao walikuwa na wasaidizi. Ghafla bin vuu, wasaidizi wote wa mtaa ule wakageuka kuwa wapwa na mabinamu waliokuja kusalimia.

Afisa wa dirishani alikuwa dada mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kichwani.

"Anaanza kazi saa ngapi, baba?"

"Saa mbili asubuhi."

"Mpaka?"

"Saa nane mchana. Akishaosha vyombo, kazi imekwisha."

"Jumla saa sita kwa siku basi. Umeponea chupuchupu. Sita kushuka chini, hakuna kodi. Zikizidi, unakata kodi kwenye mshahara wake, unamwekea mchango wa uzeeni, na miaka ya nyuma nayo unailipia. Sasa saa nane anakwenda kwake?"

Mzee Mizani akajikuna kidevu. Wee, si angesema ndiyo tu, yaishe? "Hapana. Anakaa mpaka saa kumi na moja. Lakini hiyo si kazi. Tunapiga soga, tunacheza karata."

Miwani ikashuka kutoka kichwani. "Nani kasema si kazi?"

"Mimi."

"Na yeye?"

"Sasa mtu nitamuulizaje kitu kama hicho?"

"Kwa mdomo," alisema afisa, akamsukumia fomu. "Mtatia sahihi nyote wawili."

Njiani alicheka peke yake. Serikali nayo, ikikosa cha kutoza itatoza hata maongezi! Mkewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na wanawe walipiga simu Jumapili, kila mmoja dakika zake tano, mvua inanyesha, hainyeshi, haya baba kwaheri. Kilichobaki kikimwamsha asubuhi ni zile saa tatu za mchana. Mama Pacha, msaidizi wake, angekausha mikono, angevuta kiti cha pili na kutoa karata kwenye droo, naye mzee angemsomea gazeti, hasa matangazo ya vifo, wakabishana marehemu yupi alisifiwa kupita kiasi. Moyoni alijiambia kwamba duniani bado yuko mtu mmoja anayekaa naye kwa kupenda.

Saa nane siku hiyo Mama Pacha alivuta kiti kama kawaida. Mzee akaweka fomu juu ya meza.

"Hebu nisaidie, Mama Pacha, hawa watu wa kodi wana vituko. Eti wanataka nikuulize kama kukaa hapa na mimi ni kazi."

Alingoja kicheko, lakini Mama Pacha alikuwa anazipanga karata zilizokwisha kupangwa.

"Mzee, nikisema kweli hutanifukuza?"

"Nikufukuze kwa lipi?"

"Siku ile mama, marehemu mkeo, ananiajiri, akiwa kitandani, alinishika mkono hapa." Akaonyesha kifundo. "Akanitajia kupika, kufua na usafi. Halafu akasema, saa nane mpaka saa kumi na moja usimwache peke yake, huo ndio wakati anaokuwa mnyonge. Mshahara akaupanga na hayo yakiwa ndani. Mimi nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Nilidhani mmekubaliana. Na alipoondoka, hakuna aliyeniambia niache."

Mzee Mizani akatafuta pa kushika, na mkono ukaangukia karata. "Na hizi?"

"Hizo nazo..." Mama Pacha akainamisha kichwa. "Alisema ukishindwa unanuna mpaka kesho."

"Loo! Kwa hiyo ushindi wangu wote ule..."

"Si wote, mzee," alisema upesi. "Mingine ulishinda mwenyewe."

Siku nyingine angeangua kicheko mpaka majirani wasikie. Leo aliona aibu, na nyuma ya aibu uchungu, uchungu hasa, maana ukweli hauna ganzi. Akauliza jambo ambalo kwa miaka sita hakuwahi kuliuliza, yeye aliyejua majina ya marehemu wote wa gazetini.

"Pacha wako wanatoka shule saa ngapi?"

"Saa nane."

"Wanakaa na nani?"

"Wanakaa kibarazani kwa jirani mpaka nifike. Wamezoea."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambiaje? Mtu hamwambii bosi wake kwamba maongezi yake ni kazi. Ni kama kumtukana."

"Hukufurahi hata siku moja?"

"Nilifurahi, mzee. Siku nyingi tu. Lakini hata siku niliyofurahi, jicho moja lilikuwa kwenye saa."

Kisha Mama Pacha akachukua kalamu na kumpa. Hakuwa mtu mbaya, na uso wa mzee ulimtia huruma. "Andika saa nane. Natia sahihi, hakuna atakayekudai chochote, na mimi nitaendelea kukaa kama zamani. Mambo yabaki yalivyo."

Hapo ndipo penyewe. Neno moja tu, saa nane, na kiti cha pili kisingekuwa kitupu. Tena angekuwa na karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mwanamke yule hukaa naye bure. Aliitaka karatasi hiyo, jamani, aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu msiba. Akashika kalamu, akaandika polepole.

Siku ya pili, saa nane na robo, alikuwa tena dirishani. Afisa alisoma fomu, akarudi juu, akasoma tena.

"Baba, saa tisa kwa siku? Miaka yote sita? Ungeziacha hizi tatu usingelipa hata senti."

"Alikuwa kazini."

"Na hapa kwenye maelezo ya kazi, baada ya kupika na kufua... umeandika 'kukaa na mwajiri asiwe peke yake'?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Afisa akamtazama, kisha akaitazama fomu. "Na kuanzia sasa?"

"Anatoka saa nane. Mshahara ni ule ule. Leo nimemtoa na kufunga mlango mwenyewe, hakutaka kutoka."

Muhuri ukagongwa mara mbili. Nakala moja yake, nyingine ya Mama Pacha, na mchango wake wa uzeeni ungeanza kuhesabiwa tangu siku ile ya kwanza kando ya kitanda cha marehemu. Mzee Mizani alishukuru, akazikunja nakala vizuri, kisha akarudi kwenye benchi la wanaosubiri, akaketi kati ya kijana mwenye faili na mama mwenye mwavuli.

"Baba!" afisa akamwita. "Tumeshamaliza. Unaweza kwenda nyumbani."

"Najua, mwanangu. Hapa mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi nakaa kidogo," alisema Mzee Mizani.