Kitenge Kwenye Koki ya Hita

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua nafaka, mume wangu Edwin hakai Sumbawanga. Kila wiki lori lake liko Mtowisa, bondeni kwenye joto, likipakia mpunga kwa mwanamke anayeitwa Kristiana. Mimi akinipakia kwenda kanisani natetemeka, maana hita, ile ya kupasha joto ndani ya lori, inapuliza baridi ileile ya Juni ya huku mlimani.

"Imekufa," husema Edwin.

Leo nikamwita fundi Meshack. Injini ilipochemka, akashika mipira miwili inayopitisha maji ya hita. Mmoja wa moto, wa pili baridi.

"Hita ni nzima, shemeji. Maji ya moto hayapiti. Koki imefungwa."

Akapenyeza mkono, akafungua kipande cha kitenge chekundu chenye tausi. Ndicho kilichoikaza koki isifunguke kwa mitikisiko ya barabara.

"Bondeni kuna joto, mama Jenifer," Edwin, aliyesimama kando, akaniambia haraka. "Ningeiva humo ndani."

"Ungeiva, au mngeiva?"

Kitenge hicho nilikiona Pasaka, Kristiana alipopanda mjini, amekivaa kiunoni huku akiniita dada.

Nikachukua kile kipande, nikajifunga kichwani.

"Washa gari, Edwin. Tunashuka Mtowisa, na hita iwake njia nzima."