Orodha ya Kila Januari

Baba yangu alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliotufungia shule. Ninalisema hili mapema ili nisiwazungushe.

Shule yenyewe iliitwa Cato Simms, sekondari pekee ya watu weusi katika wilaya ya Tarrow, North Carolina. Huyo Cato Simms alizaliwa mtumwa akafa ana shamba la ekari tisa, na kabla hajafa alitoa ekari mbili zijengwe shule. Baba, Lemuel Pettiford, aliiongoza tangu mwaka 1952. Watu wetu walimwita Profesa, ingawa hakuna chuo kikuu kilichowahi kumpa cheo hicho. Wazungu walimwita Lemuel, hata vijana wa duka la mbolea ambao alipoanza kazi walikuwa bado wananyonya.

Kwa sababu hiyo Baba alikuwa na jambo lake siku ya mahafali. Hakushika karatasi. Alisimama mbele ya watu na kumwita kila mhitimu kwa majina yake yote, akamtaja mama, akamtaja baba, akataja na barabara anayotoka. "Junius Earl Bullock, mwana wa Mattie na Roscoe Bullock, wa Barabara ya Persimoni." Mtoto ambaye mjini aliitwa "wewe kijana" alitembea jukwaani akiwa na ukoo mzima nyuma yake. Kina mama walilia kila mwaka, tena kwa sauti.

Mimi nilikaa safu ya mbele tangu nina miaka sita, nikihesabu ni miaka mingapi imebaki kabla sijaitwa. Nyumbani niliitwa Dessa. Jina zima nilikuwa nimewekewa akiba. Sikutaka zawadi nyingine yoyote duniani, na Baba alijua.

Jambo lake la pili lilikuwa orodha. Kila Januari, shule ikifunguliwa baada ya Krismasi, Baba na Mzee Alonzo Speight, mtunza majengo, walizunguka shule nzima na futi ya kupimia. Mzee Alonzo alipima, Baba aliandika. Kisha Baba aliipiga chapa ile orodha ya mapungufu, akatia sahihi, Mzee Alonzo akatia yake kama shahidi, nakala moja ikaenda kwenye bodi ya elimu. Namba moja ilikuwa paa, mwaka hadi mwaka. Paa linavuja. Mwaka 1958 bodi ilijibu: walituletea ndoo mbili.

Januari ya mwaka 1968 nilikwenda nao, nimebeba kibao cha kuandikia.

"Profesa, usisahau choo cha wavulana," Mzee Alonzo alisema.

"Nimekiandika tangu hamsini na tatu."

"Kiandike tena. Pengine mwaka huu wamenunua miwani."

Tulifika kwenye ufa wa ukuta wa maabara, kama chumba chenye sinki moja na kabati tupu kinaweza kuitwa maabara. Mzee Alonzo akaweka futi.

"Inchi tatu na robo," akasema. "Andika tano."

"Nitaandika tatu na robo."

"Hao hawatakuja kupima, Profesa. Wewe tia chumvi kidogo, ukuta upone."

"Wakija kupima wakakuta nimedanganya moja, watayatupa na mengine thelathini."

Mzee Alonzo alinitazama akatikisa kichwa. "Baba yako huyu. Siku ya kiyama atamsahihisha malaika hesabu."

Baba alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa siku zile.

Majira ya kuchipua mwaka huohuo kesi yetu ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho. Wazazi ishirini na wawili walikuwa wameishtaki bodi, na wakili wetu, Haywood Tisdale kutoka Durham, alisema hana ushahidi bora kuliko zile orodha. Bodi ilikuwa imedai miaka yote kwamba shule zetu na zao ni sawasawa. Baba alizipeleka zote mahakamani ndani ya boksi la viatu. Mzee Alonzo peke yake ndiye hakupenda.

"Nimefanya kazi kwenye nyumba za hao watu miaka arobaini," alimwambia Baba barazani kwetu. "Ukimwambia kiti kimevunjika, hakitengenezi. Anakitoa nje."

"Hii ni mahakama, Alonzo. Si baraza ya mtu."

Tukashinda. Jaji alisema hapawezi kuwa na shule za weusi na shule za weupe tena, akaiamuru bodi ilete mpango wa kuwagawa wanafunzi. Kanisani tuliimba mpaka sauti zikakauka. Mama alikaanga kuku wanane, akapika sukuma wiki kwa nyama ya kukaushwa, na pai za viazi vitamu zikapangwa mpaka juu ya piano. Bwana Tisdale alitandika ramani ya wilaya mezani kwetu, akamwonyesha Baba mpango ambao upande wetu ungeuomba: darasa la tisa na la kumi, weusi kwa weupe, wasome Cato Simms, la kumi na moja na la kumi na mbili wasome Sekondari ya Tarrow, shule ya wazungu. Shule zote mbili ziwe za wote.

"Halafu hilo paa watalitengeneza fasta," Mama alisema. Alikuwa anafundisha hesabu palepale Cato Simms. "Watoto wao wakishalowa siku moja tu, mtaona mafundi."

Kwa mpango huo ningemalizia Tarrow. Nilimvuta Baba pembeni nikamuuliza, na mahafali je? Akaniambia wakuu wawili watagawana kuita majina, ameshafikiria. "Lako nitaliita mimi," akasema. "Hilo sigawani na mtu."

Bodi iliburuza miguu zaidi ya mwaka. Ilipoleta mpango wake, Julai ya 1969, ulikuwa mfupi kama barua ya deni: wanafunzi wote waende Tarrow, Cato Simms ifungwe. Tulirudi mahakamani kupinga. Chumba kilikuwa na joto la kuchemsha, tukijipepea kwa zile pepeo za karatasi za kampuni ya mazishi. Wakili wa bodi, jina lake Ashcombe, alimwita Baba kizimbani, naye Baba akaapishwa na karani. Kisha Ashcombe akafungua mkoba na kutoa karatasi ambazo ningezitambua hata gizani.

"Bwana Pettiford," alisema.

Nilishtuka. Miaka yote niliyoishi sikuwahi kusikia mzungu wa Tarrow akimwita baba yangu Bwana.

"Bwana Pettiford, orodha hii ya Januari mwaka huu umeiandika wewe?"

"Ndiyo."

Akaisoma yote, mambo thelathini na nne, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Paa. Tanuri la joto linalotoa moshi darasani. Nyaya za umeme zilizo wazi. Ufa, ambao sasa ulikuwa umefika inchi nne. Akauliza kila kimoja kama ni kweli, na kila kimoja Baba alijibu ni kweli.

"Kwa hiyo, Bwana Pettiford, kwa maoni yako mwenyewe, jengo hili linafaa watoto?"

Pepeo zilisimama. Nilimwona Mama akimkazia macho Baba, midomo yake ikisema linafaa, sema linafaa. Baba alitazama zile karatasi mkononi mwa yule mtu.

"Halifai," alisema. "Ndiyo maana niliomba litengenezwe. Miaka kumi na saba ni..."

"Inatosha, asante."

Bwana Tisdale alisimama, akaongea vizuri, akalowa jasho. Lakini jaji alikuwa ameshasikia alichokihitaji. Aliuliza atamwamuruje mzazi yeyote, wa rangi yoyote, ampeleke mtoto kwenye nyumba ambayo mkuu wake mwenyewe, chini ya kiapo, amesema haifai. Mpango wa bodi ukapita.

Walimu wa Cato Simms walikuwa kumi na tisa. Tarrow ilichukua sita, na Mama hakuwamo. Vikombe vyetu vya mpira wa kikapu tuliviona jalalani, vimechanganyika na chaki. Baba alipewa kazi ya msaidizi wa usafiri. Maana yake ni kwamba alisimama uani asubuhi na jioni, ameshika kibao, akihesabu watoto wanaopanda na kushuka mabasi ya njano. Ofisi yake ilikuwa kachumba karibu na tanuri. Tanuri zuri, halikutoa moshi.

Siku ya kwanza Junius Bullock, ambaye hakujua kunyamaza hata kwenye msiba, alishuka basini akampigia saluti. "Profesa, umekuwa kondakta? Mbona hutudai tiketi?"

"Nakudai shati uchomekee," Baba alimjibu, na Junius akachomekea. Vijana wetu wakacheka na Baba akacheka nao. Mimi niliingia darasani nikakaa nyuma kabisa. Moyo uliniuma, na kumbe niliyemkasirikia si bodi.

Mahafali yakaja, Juni 1970. Tulikuwa weusi thelathini na wanane kati ya mia mbili na kitu. Mkuu wa Tarrow alisoma kwenye karatasi, jina la ukoo kwanza kama mtu anayeita mahudhurio. "Pettiford, Odessa." Basi. Nilivuka jukwaa hatua kumi na moja. Baba hakuwemo ukumbini. Walikuwa wamempanga nje kwenye maegesho.

Nilimfuata hukohuko nikiwa na joho. Alikuwa anaelekeza magari kwa mkono, ile suti yake ya mahafali ya kila mwaka mwilini.

"Nimekusikia kwenye spika," alisema. "Hongera, Dessa."

"Niite, Baba."

Alielewa mara moja. Familia za kizungu zilikuwa zinapita na kamera zao, na mtu mmoja alikuwa anapiga honi.

"Hapa si mahali pake, mwanangu."

"Mahali pake ulipafunga wewe. Uliandika kwa mkono wako, ukaenda ukaapa."

Nilitaka nilirudishe lile neno hata kabla halijamaliza kutoka. Baba alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Niliandika," alisema. "Na kila neno lilikuwa kweli."

Kisha akamgeukia yule mwenye honi. "Rudi nyuma, bwana. Rudi, rudi. Hapo."

Septemba nilikwenda chuoni Greensboro. Nilimwandikia Mama kila wiki, na mwisho wa kila barua nikaweka "msalimie Baba," nikajiona nimefanya jambo. Krismasi nilirudi tukakaa meza moja siku kumi, tukizungumzia hali ya hewa. Ile siku ya maegesho nilikuwa nayo kooni. Kila nikitaka kuitoa Baba aliniuliza kama nataka mkate wa mahindi zaidi.

Jumatatu ya kwanza ya Januari niliamka nikakuta kiti chake kitupu.

"Ameondoka na Mzee Alonzo," Mama alisema bila kugeuka kutoka jikoni. "Si unajua leo ni siku gani."

Nilitembea mpaka Cato Simms. Majani ya uwanja yalikuwa yamekufa kwa baridi, madirisha ya mbele yamevunjwa kwa mawe, na bodi ilikuwa imejaza matairi ya mabasi kwenye madarasa mawili. Mlango ulikuwa wazi. Ndani nilisikia ile sauti ya futi ikifunguka na kujifunga.

Walikuwa kwenye maabara, wazee wawili wenye makoti. Ufa sasa ulipitisha ngumi.

"Inchi sita kasoro," Mzee Alonzo alisema. Aliniona, akaacha kupima.

"Mnampelekea nani, Baba?" niliuliza.

"Bodi."

"Shule imefungwa."

"Jengo bado ni lao. Nao lazima waambiwe lilivyo."

Nilijua hakuna atakayeisoma, naye alijua. Mistari aliyoandika kwenye kibao ilikuwa imekwenda upande. Akaninyooshea kalamu.

"Vidole vimekufa ganzi," alisema. "Niandikie wewe. Tuanze upya, karatasi safi. Namba moja."

"Namba moja, paa," nilisema nikiandika.

"Hapana. Futa." Alitazama ubao mweusi uliokuwa umebanduka nusu. "Namba moja, wanafunzi hakuna."

Mzee Alonzo alivua kofia. Nikaandika. Halafu paa, tanuri, nyaya, ufa, yote mpaka thelathini na tisa, darasa kwa darasa, nikitembea nyuma yao kama zamani. Tulimalizia ukumbini. Viti vilikuwa vimechukuliwa na jukwaa limebaki.

"Baba," nilisema, "yale niliyokuambia kwenye maegesho."

"Hatujamaliza," alinikatiza. "Chini kabisa weka mwandishi na shahidi. Orodha isiyo na jina haina mwenyewe."

Akapanda ngazi tatu za jukwaa, taratibu, ameshika ukuta. Akasimama pale alipokuwa akisimama. Akavua kofia, akaufunga mkono mmoja nyuma, na sauti ikamtoka ileile, ya kufika mpaka safu ya mwisho.

"Imeandikwa na Odessa Lavinia Pettiford, binti wa Verlene na Lemuel Pettiford, wa Barabara ya Kinu."

Mzee Alonzo aligeukia dirishani. Hapakuwa na mtu wa kupiga makofi, na mimi machozi yalikuwa yananidondokea kwenye karatasi yao safi. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi, ikabidi niipulizie kalamu mara mbili ndipo iandike. Nikaandika jina langu.