Mluzi wa Obare

Marehemu Obare, fundi aliyemlea Moraa kazini katika gereji yake pale Migori, alikuwa na kitendawili kimoja, na alikitega kila walipofungua injini ya turbo: "Nina mgeni hana meno, hali ugali hali samaki, lakini akimeza punje moja nyumba inaanguka." Moraa alijua jibu, ila alijifanya kushindwa ili mzee afurahi. Mgeni ni mdomo wa turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa. Ndani yake kuna panga dogo kama la feni, lizungukalo kwa kasi ya ajabu. Bolti ikiingia, panga husambaratika na injini hukwama gari likiwa mbioni.

Kwa hiyo kila bolti aliyoitoa, Obare aliiweka kwenye sahani ya bati na kuipigia mluzi mmoja. Bolti nne, miluzi minne. Kurudisha, vilevile. Mluzi ukipungua, gari haliondoki.

Sasa Obare alikuwa na mwaka wa pili kaburini.

Ijumaa hiyo alasiri Mokaya, mdogo wake Moraa, alileta Subaru yake atolewe paipu ya kiwandani ya kuvuta hewa, inayoingia mdomoni mwa turbo, afungiwe mpya, pana, yenye filta nyekundu. Alikuwa anaenda Homa Bay kwa wakwe.

"Harakisha, dada. Jua likizama utasema Sabato imeingia, hufanyi kazi, uniache na gari uchi."

"Wakwe wanakutaka wewe ama paipu?"

"Wanisikie nikiwa bado mbali!"

Moraa akacheka, akafunga mbiombio. Bolti nne za paipu hakuzihesabu. Sahani ilikuwa imeegemea ukuta, ina vumbi, na tundu moja la nyuma, lisiloonekana vizuri, likabaki tupu.

Alipoweka spana chini, paipu ikapiga mluzi. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kimya.

Injini ilikuwa imezimwa, funguo ziko mkononi mwa Mokaya. Upepo haukuwepo. Kuku waliokuwa wakichakura chini ya benchi walikuwa wameondoka wote.

"Kumbe inaimba!" Mokaya akasema.

"Nyamaza." Moraa alilelewa akiambiwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Akauma mdomo. Miluzi ikarudi, mitatu, kisha pumzi ndefu, kama ya mtu anayengoja.

Akaifungua paipu upya, Mokaya akilalamikia jua. Mdomo wa turbo ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cha buluu, na juu ya kitambaa imelala bolti ya nne.

Moraa hakuwa ameweka kitambaa chochote. Akakitazama. Kilishonwa uzi mweupe pembeni, mishono mipana ya mkono wa Moraa mwenyewe: mfuko wa ovaroli waliyomzika nayo Obare. Kilikuwa vuguvugu.

Alikitoa kitambaa mdomoni mwa turbo. Alipangusa sahani, akafungua bolti zote, akaanza tena, akipiga mluzi kwa midomo mikavu. Minne. Ndipo akamruhusu Mokaya aondoke.

Jua likikaribia kuzama, simu ikalia.

"Dada, niko Rodi Kopany. Gari inakimbia kama swala! Lakini nimesimama ninunue ndizi, nimezima injini, na bado inapiga mluzi."

Moraa akakaa juu ya benchi. "Mara ngapi?"

"Nne. Inanyamaza, halafu nne tena."

"Hakuna iliyopungua?"

"Nne kamili. Ni nini, dada?"

"Basi utafika," akasema. "Usiiitikie tu."