Tangi la Kadambari

Kabla kiharusi hakijampiga, Kadambari alikuwa na tangi la samaki lililosifiwa mtaa mzima pale Behala. Watu walikuja kutazama mimea: majani mekundu, majani membamba kama nywele, na zulia la kijani chini ya maji. Mumewe, Debotosh, hakuwahi kuligusa. Alijua tu kwamba kila asubuhi mkewe huwasha taa, hufungua koki ya mtungi wa hewa ukaa, kisha husimama akitazama viputo vikipanda.

Sasa Kadambari alikuwa kitandani, ameelekezwa kwenye tangi lake. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na maneno yote yamebaki sauti moja: "Aa."

Mimea iliponyauka, Debotosh alidhani inataka mwanga, akaweka taa kali zaidi. Mwani ukatanda hadi samaki hawakuonekana.

Subimal, mdogo wake Kadambari, alipokuja kumwona dada yake, aliliangalia tangi akatikisa kichwa.

"Shemeji, unafuga samaki au unalima mchicha?"

"Usinicheke. Dada yako anatazama hapo kutwa."

Subimal akaugonga mtungi. "Mtupu huu. Taa inaihimiza mimea ikue, lakini chakula chake ni hii gesi. Umewapa vibarua kazi maradufu na hujawapikia. Anayeshiba hapa ni mwani tu."

"Ningejuaje? Hakuwahi kuniambia."

"Wewe uliwahi kumuuliza?"

Debotosh akamgeukia mkewe.

Subimal akajaza mtungi, akapunguza taa, akaacha viputo vitoke polepole. Mwani ukapungua, mimea ikaanza kuinua vichwa. Kadambari akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu augue. Debotosh alilitamani tena tabasamu lile. Asubuhi moja akafungua koki zaidi, akaingia jikoni kupika wali laini na dengu.

"Aa," Kadambari akaita.

Akamletea maji. Yakamtiririka kidevuni.

"Aa. Aa."

Akageuza mto. Akabadilisha shuka. "Nini, Mama Tultul? Wapi panauma?"

Kadambari akainua mkono wake usiopooza kuelekea kwenye tangi. Ukaanguka.

"Ahaa, mwanga unakuumiza macho. Ungesema mapema," akasema Debotosh, akajaribu kucheka. Akazima taa, akalifunika tangi kwa shuka la kitanda. Kadambari akalia kwa sauti mpaka ikakauka. Debotosh akamlisha huku akimfuta machozi.

Alasiri Subimal akaja, akafunua ile nguo. Samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Gesi imewazidi," akasema taratibu. "Bila shaka walikuwa wanatweta juu ya maji tangu asubuhi. Na ulipozima taa, mimea ikaacha kuila gesi hiyo."

Debotosh akakaa ukingoni mwa kitanda. "Alikuwa ananiambia," akasema. "Kutwa nzima alikuwa ananiambia."

"Nitakuletea samaki wengine, shemeji."

"Usilete."

Akaushika mkono wa mkewe. "Nisamehe, Mama Tultul."

Kadambari akauvuta mkono, kidogo kidogo, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akageuza uso ukutani. Tangu hapo hakumwita tena, hata akiwa na kiu. Debotosh hukaa kando yake, akiitazama midomo ile kuona kama imekauka, akikisia.